Masjala Kwanza

Watu wakisikia kwamba mimi ni mtunza nyaraka, huniuliza kwanza habari za karatasi kongwe. Wanataka kujua kama nimewahi kushika barua ya Mjerumani, au dokezo lenye saini ya Mwalimu Nyerere. Nimeshika, na furaha yake haijanitoka hadi leo. Lakini kijana anayeanza kazi hii akinijia kutaka ushauri, simwanzishii huko. Humwambia aombe kupangwa masjala, akae huko mpaka aizoee, halafu ndipo tuzungumze habari za karatasi kongwe.

Mimi sikuomba, nilipangwa. Nilikuwa nimemaliza masomo katika chuo cha ukutubi na nyaraka kilichopo Bagamoyo, mji ambao Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mwanafunzi wa nyaraka akiishi Bagamoyo hana budi kuota ndoto. Mchana unapita karibu na Boma la zamani, jioni unafungua daftari lenye somo la uhifadhi wa karatasi, na usiku unajiona umekaa katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Upanga, mbele yako limefunguliwa jalada la mwaka 1905. Barua ya kupangiwa kituo ilipofika, ilinipeleka mkoani, kwenye masjala ya ofisi ya serikali, cheo changu Mtunza Kumbukumbu Daraja la II.

Masjala ile ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, makabati ya chuma ya rangi ya kijivu, na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Nimeingia masjala nyingi tangu wakati ule na karibu zote zimewekwa nyuma. Jambo hili linanikera mpaka leo. Ofisi huweka mbele kile inachokiheshimu. Mara nyingi nimeona mtumishi aliyeshindikana kwingine akihamishiwa masjala, kwa imani kwamba huko hana cha kuharibu. Anacho, tena kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo. Mkurugenzi akiamua vibaya, uamuzi wake unabaki kwenye jalada na atakayekuja baadaye anaweza kuurekebisha. Jalada likipotea, hakuna hata wa kujua kwamba paliwahi kuamuliwa jambo.

Msimamizi wangu alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Sote tulimwita Mzee, hata mkuu wa ofisi alimwita hivyo. Alinifundisha kazi kwa utaratibu uleule aliofundishwa yeye. Barua ikiingia inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inatafutiwa jalada lake, inapewa namba ya folio kwa wino mwekundu juu upande wa kulia, kisha namba hiyo inaandikwa kwenye ukurasa wa madokezo ili afisa atakayelipokea jalada ajue kuna jipya. Jalada likitoka, kadi yake inabaki mahali pake ikionyesha limekwenda kwa nani na lini. Hakuna jalada linalovuka kaunta bila kadi kusainiwa.

Siku moja afisa mkubwa alisimama kaunta akiwa na haraka. Nikamnong'oneza Mzee kwamba huyu ni mkubwa, tumpe tu.

"Ndiyo maana nataka kadi, binti," alijibu kwa sauti ambayo yule afisa aliisikia vizuri. "Mdogo mwenzetu hata kesho nitamkuta hapa. Mkubwa kesho anahamishiwa Kigoma, na jalada limo ndani ya gari lake."

Afisa alisaini. Nilivyoielewa kazi baadaye, kadi ile ilikuwa heshima kwa watu wawili. Wa kwanza ni mkubwa mwenyewe, ambaye siku akisingiziwa kupoteza jalada, kadi itaonyesha kwamba alilirudisha. Wa pili ni mwananchi ambaye jina lake limo ndani ya jalada hilo na ambaye hajui hata kwamba limetoka kabatini.

Namba za folio ndizo zilizonichosha zaidi. Ni kazi ya mkono, inajirudia, na hakuna anayekusifu kwa kuifanya. Thamani yake niliiona nilipopewa majalada ya zamani niyakague. Jalada moja lilikuwa na folio 14, kisha 16. Folio 15 haikuwemo. Ukurasa wa madokezo ulisema folio 15 ilikuwa barua ya malalamiko dhidi ya mtumishi fulani, na tarehe yake ilikuwapo. Yule aliyeing'oa alidhani amelifuta jambo, kumbe amelipigia mstari. Namba haziwezi kumzuia mtu kung'oa karatasi. Zinachoweza ni kumfanya msomaji wa miaka mingi baadaye, ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati huo, aweke kidole kwenye pengo na kuuliza kilichokuwepo. Tangu siku hiyo sijawahi kuona uandikaji wa folio kuwa kazi ya kumtupia mtoto wa mafunzo kwa sababu wakubwa wamechoka.

Mwaka wangu wa kwanza haukuwa umeisha alipofika mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa dereva wa serikali, akafariki kabla mambo ya mafao yake hayajakamilika. Kilichokwamisha ni barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini. Yeyote aliyewahi kufuatilia mafao Tanzania anazijua barua hizi mbili. Bila hizo miaka ya utumishi haikokotoleki, na miaka ya utumishi ndiyo pesa yenyewe. Jalada binafsi la marehemu lilianzia katikati ya maisha yake ya kazi, lilipofunguliwa alipohamia mkoani kwetu. Jalada la kituo chake cha kwanza halikuwahi kumfuata. Wilaya aliyoanzia ilikuwa imeshagawanywa kuwa wilaya mbili, na kila upande ulimwelekeza mama yule kwa mwenzake. Kila kuelekezwa ni nauli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa ndipo zinapokaa karatasi."

Nilikuwa nainuka kutafuta jina la marehemu kwenye faharasa, Mzee akaniwahi. Hakuuliza marehemu aliitwa nani. Aliuliza aliajiriwa mwaka gani, idara gani, na siku alipoajiriwa nani mwingine alikuwa na sababu ya kuandikiwa.

"Dereva haajiriwi gizani," aliniambia. "Mhasibu alijulishwa aanze kumlipa. Karakana ilijulishwa inampokea. Hospitali ilijulishwa impime macho. Watafute hao."

Chini ya kila barua ya serikali kuna neno Nakala, na chini yake orodha ya wote waliopelekewa. Watu wengi wanaisoma barua na kuiruka orodha hiyo. Kwetu sisi orodha hiyo ina uzito sawa na barua yenyewe, maana inaonyesha karatasi ile siku ilipoandikwa ilikwenda milango mingapi. Tuliziandikia wilaya zote mbili, safari hii tukaacha kuuliza jalada la marehemu na badala yake tukaomba leja za mishahara za mwaka ule na jalada la masuala ya mishahara la idara ya ujenzi. Ilichukua muda, lakini jibu lilikuja. Nakala ya barua ya ajira ilikutwa ndani ya jalada la mishahara, karatasi nyembamba ya kaboni iliyofifia lakini inayosomeka. Kuthibitishwa kwake kazini kulionekana kwenye leja, pale mshahara ulipopanda na karani mmoja makini akaandika pembeni namba ya barua iliyoidhinisha. Jina la pili la marehemu lilitofautiana kwa herufi moja, ikabidi ipatikane hati ya kiapo. Mafao yakatoka.

Mzee alisema neno moja tu, la wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa namfikiria yule karani wa leja. Hakujua kwamba anamwandikia mjane. Alikuwa anamaliza kazi yake ya siku.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi iliyozizalisha, na kwa mpangilio uleule ambao ofisi hiyo ilizitumia, wala hazipangwi kwa mada kama vitabu vya maktaba. Niliijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini ni dereva yule aliyenionyesha kwa nini iko hivyo. Fikiria kwamba miaka ya nyuma angetokea mtu mwenye nia njema, akakusanya karatasi zote za madereva kutoka kila jalada na kuziweka pamoja ili zipatikane kwa urahisi. Angekuta nakala kwenye jalada la mishahara, angeona kuna barua halisi mahali pengine, angeitupa. Karatasi ikiondolewa pale ilipozaliwa, inabaki na maneno yake na kupoteza ushahidi wa kwa nini iliandikwa, na nani aliitumia kufanya nini. Ndiyo sababu mtunza nyaraka mzuri akiingia stoo iliyovurugika haanzi kupanga. Anakaa na rundo, anasoma majalada ya juu, anatafuta rejista ya zamani, anajaribu kuijua ofisi ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Mtu wa nje akimtazama atadhani anazubaa.

Baadaye nilihamishiwa upande wa nyaraka zenyewe, na Upanga nikafika. Majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, nikayaona kwa macho yangu. Wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani waliyapanga na kuyaorodhesha mwishoni mwa miaka ya 1960, na orodha yao ikachapishwa Marburg mwaka 1973. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani unaoitwa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma bila kujifunza. Kuna shimo pia, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia viliteketeza sehemu ya karatasi za utawala ule. Nilipokaa nayo hatimaye, nilishangaa jinsi yalivyo ya kawaida. Kodi, barabara, mashamba ya katani, mishahara, ugomvi wa ofisa na ofisa. Ni masjala ya ofisi fulani, ya watu waliokufa zamani, na karani mmoja alikuwa ameandika namba juu ya kila ukurasa.

Wanahistoria waliyafanyia kazi kubwa mapema. Kitabu cha John Iliffe kuhusu Tanganyika chini ya Wajerumani, kilichotoka mwaka 1969, kimejengwa juu ya karatasi kama hizi. Lakini ninachowaonyesha vijana zaidi ni kijitabu alichokihariri pamoja na Gilbert Gwassa mwaka 1968 kuhusu Vita vya Maji Maji, ambamo maandishi ya watawala yamewekwa pamoja na masimulizi ya wazee waliokumbuka au waliosimuliwa na wazazi wao. Jalada la serikali humjua mwanakijiji siku anapolipa kodi, anapoadhibiwa au anapoomba jambo. Alichoamini kuhusu ile dawa ya maji, na kwa nini aliacha jembe akashika mkuki, vilibaki kwa wazee. Anayetunza majalada bila kukumbuka hilo huanza kuamini kwamba yasiyoandikwa hayakutokea. Hatari hiyo ni ya kweli katika kazi yetu, maana tunashinda na karatasi kutwa nzima.

Halafu kuna karatasi ambazo hazipo kwa sababu mtu aliamua zisiwepo.

Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau wakiwa na kesi yao Mahakama Kuu ya London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa ikitunza, katika kituo chake cha Hanslope Park, maelfu ya majalada yaliyoondolewa kwenye makoloni yake ya zamani wakati wa uhuru. Ya Kenya peke yake yalikuwa takriban majalada 1,500, ndani ya maboksi 300. Kenya ilikuwa imeyaomba tangu mwaka 1967 ikakataliwa. Agizo la mwaka 1961 la Iain Macleod, waziri wa makoloni, lilikuwa limeelekeza kwamba serikali za uhuru zisikabidhiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua watoa habari wake. Nyingine nyingi zilichomwa, na maelekezo yalisema hata majivu yapondwepondwe. Palipotakiwa kuzitupa baharini, kreti ziwekewe uzito na zizamishwe kwenye kina kirefu mbali na pwani. Kuanzia mwaka 2012 yaliyobaki yalifunguliwa kwa wasomaji kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, chini ya namba FCO 141, na ya Tanganyika yamo. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilitaka kujua jambo moja tu: watafiti walijuaje kwamba majalada yapo, wakati yamefichwa? Walijua kwa sababu kuondolewa kwake kuliandikiwa barua. Mwanahistoria David Anderson aliiambia mahakama kuhusu mawasiliano ya ofisi yaliyotaja shehena iliyotoka Nairobi kwa ndege Desemba 1963, siku chache kabla ya uhuru, pamoja na idadi ya maboksi. Waliohamisha karatasi walikuwa watu wa ofisi, na mtu wa ofisi hawezi kusafirisha maboksi 300 bila kuandika popote. Ilikuwa folio 15 tena. Waliichomoa, lakini ukurasa wa madokezo ulibaki mahali pengine.

Kisa hiki kilibadilisha ninavyolisoma jalada lolote, hata la ununuzi wa viti. Siku hizi huanza na yale yanayotajwa ndani yake na hayamo.

Miaka michache baadaye niliuona ugumu wa aina nyingine. Vijiji viwili vilikuwa vinagombea mpaka. Chanzo ni kile tunachokijua sote: watu walihamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, sheria ya mwaka 1975 ikaandikisha vijiji, michoro ikachorwa kwa haraka, na wajukuu wakarithi ugomvi. Wazee wa pande zote mbili walikuja kuomba majalada ya wilaya, na kwa bahati walikuja siku zinazokaribiana. Kabla yao alinijia mtu mmoja wa makamo, mpole, aliyevaa vizuri. Aliniita mdogo wake. Akaniomba jalada lile lilale pembeni kwa muda, tena bila kunitisha, akasema ni kwa ajili ya amani.

Nilimwambia, "Kaka yangu, ombi la jalada limeshaandikwa kwenye rejista ya wasomaji. Nikiliweka pembeni, nitalazimika kuandika ni kwa maagizo ya nani, na nitaandika jina lako." Aliniangalia kidogo, akaaga kwa heshima. Kumbukumbu ya Mzee na kadi zake haikuwahi kunisaidia kama siku ile. Utaratibu ulikuwa umeshakataa kwa niaba yangu, nami sikuhitaji ushujaa wowote.

Wazee walipoketi, kila upande ulipewa majalada yaleyale, meza ileile ya kusomea, penseli zilezile. Mzee mmoja alitaka nimwambie mchoro unampa nani haki. Nilimwomba radhi. Naamini kwa dhati kwamba siku mtunza nyaraka anapoanza kumwambia msomaji karatasi inamtetea nani, msomaji wa upande wa pili hana tena sababu ya kuliamini jalada. Baraza la ardhi lina kazi yake. Yangu ni kuhakikisha kwamba mchoro wanaoubishania ndio uleule uliochorwa, haujaongezwa mstari wala kupunguzwa ukurasa.

Kuhusu karatasi kama karatasi nitasema machache, kwa sababu yanajifunzika. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hupunguza hisia za vidole na kurahisisha kuchana ukurasa. Pini na klipsi zitolewe mapema, kabla kutu haijatoboa. Penseli tu chumba cha kusomea. Rafu ya chini isiguse sakafu, na boksi lisiegemee ukuta wa nje. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam adui mkubwa ni unyevu, na kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni hualika kuvu kuliko chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye hewa inayopita. Mchwa hawana mjadala, unawakagua kila wiki. Kijana mwenye bidii atayashika haya yote haraka. Nimejifunza kutompima kwa hayo.

Nampima kwa anavyoiona kazi ya kuteketeza. Watu wa nje hudhani sisi tunatunza kila kitu. Hatuwezi, na hakuna nchi inayoweza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu zake bila idhini, na ndiyo inayofungua nyaraka kwa wananchi zikitimiza miaka 30. Kati ya siku jalada linapofungwa na siku hiyo ya kufunguliwa, kuna mtu anayekaa na jedwali la utunzaji na uteketezaji na kuamua lipi lipite na lipi liishie tanuruni. Sehemu kubwa huishia tanuruni. Stakabadhi za mafuta, nakala ya tano ya waraka uleule, mialiko ya vikao. Si uovu, ni lazima ifanyike ili yale yenye thamani yapate nafasi na yaonekane. Lakini anayeifanya kwa wepesi simpi ufunguo.

Siku hizi kuna uteketezaji mwingine usioombewa idhini. Mkuu wa idara anatuma agizo kwenye kundi la WhatsApp, watumishi wanajibu kwa alama ya dole gumba, kazi inafanyika. Hakuna barua, hakuna dokezo, hakuna folio. Simu inaharibika au kundi linafutwa, na uamuzi uliogusa mamia ya watu unakuwa haujawahi kuandikwa. Mfumo wa ofisi mtandao ni hatua nzuri na ninautetea, kwa sababu unaweka tarehe, jina na mfuatano, mambo yaleyale ambayo Mzee aliyafanya kwa wino mwekundu. Unasaidia tu pale watu wanapoutumia. Nikialikwa kuzungumza na viongozi huwaomba jambo moja: ukitoa agizo kwa mdomo au kwa simu, kabla hujaondoka ofisini andika dokezo la mistari miwili uliweke kwenye jalada. Baadhi yao wameanza, na wameniambia wenyewe kwamba limewaokoa kwenye ukaguzi.

Hivi sasa mezani kwangu kuna ombi la halmashauri moja inayotaka kuteketeza rejista za zamani za kuandikisha wanafunzi wa shule za msingi. Sababu zao zinaeleweka: stoo imejaa, paa linavuja, na shule zenyewe nyingine zimebadilishwa majina. Nimezisoma rejista za mfano walizonitumia. Ni za miaka ya mwisho ya 1970, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililoelekeza kila mtoto aliyefikia umri aingie shule ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalifurika. Walimu waliandika jina la mtoto, jina la mzazi, kijiji alikotoka na mwaka wa kuzaliwa kama mzazi alivyoukumbuka. Wengi wa watoto wale hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa.

Watoto wale leo wana miaka hamsini na kitu. Walioingia utumishi wa umma wanakaribia umri wa kustaafu kwa lazima, miaka 60, na miongoni mwao wapo ambao mwaka wa kuzaliwa kwenye jalada la ajira haulingani na ule wa kitambulisho cha taifa. Atakapoulizwa ushahidi, mtu wa namna hiyo hatakuwa na karatasi nyingine duniani inayomtaja akiwa mtoto isipokuwa mstari mmoja kwenye rejista hizi. Nimeandika maoni kwamba zisiteketezwe, zihamishiwe kituo chetu cha kumbukumbu kwa gharama yetu, na zitunzwe kwa mpangilio wa shule kama zilivyo bila kuchanganywa. Kamati inakaa Alhamisi. Nafasi kwenye rafu nimeshaipima, inatosha.